James Hannington: Askofu Aliyepita Njia Yetu, na Shemasi Aliyengoja Mumias

Maandiko ya kusoma nyumbani: Wafilipi 2:3–11, Yohana 12:24–26



Jumapili iliyopita tulifundishwa juu ya Kristo aliyejishusha akawa mtumwa. Wiki hii nimeombwa niandike maisha ya mtumishi mmoja wa zamani ambaye jina lake wengi wetu tulilisikia darasani kwenye somo la Historia, tukaliandika kwenye daftari, tukapita mtihani, tukalisahau. Ni Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885. Ziwa Bogoria lililoko Bonde la Ufa liliitwa kwa jina lake kwa miaka mingi. Waanglikana humkumbuka kila mwaka siku aliyokufa.

Lakini kuna mtu wa pili katika habari hii ambaye hatukumwandika kwenye daftari. Nitawaomba mnivumilie, maana nikimsimulia Hannington bila huyo wa pili nitakuwa nimewapa nusu ya somo.

Mtoto wa duka la nguo

Hannington alizaliwa tarehe 3 Septemba 1847 katika kijiji cha Hurstpierpoint, kusini mwa Uingereza. Hakuzaliwa katika shida. Jamaa yake walikuwa wafanyabiashara wa nguo katika mji wa Brighton, na duka lao lilijulikana sana. Baba yake alikuwa na nyumba kubwa yenye bustani, na watoto walikua hawajui njaa.

James alikuwa mtundu. Alipokuwa kijana mdogo alichanganya baruti ili alipue kiota cha nyigu, baruti ikamlipukia yeye, na kidole gumba cha mkono wa kushoto kikakatika. Alipofika miaka 15 akatoa mguu shuleni, akawekwa kwenye biashara ya baba yake. Alikaa huko miaka kama 6, na moyo wake haukuwa pale hata siku moja. Sisi tuliosomea biashara tunamjua kijana wa namna hiyo: yuko ofisini, vitabu vya hesabu viko mbele yake, mawazo yako mbali. Pesa ilikuwepo, nafasi ilikuwepo, urithi ulikuwa unamngoja. Kilichokosekana ni sababu ya kuamka asubuhi.

Mwaka 1868 akaenda kusoma Oxford, na huko pia alijulikana zaidi kwa mizaha kuliko kwa vitabu. Alipomaliza, alitaka kuwa mhudumu wa kanisa. Akafanya mtihani wa askofu, akaanguka. Hebu fikiria: mtoto wa tajiri, ametoka Oxford, anaanguka mtihani wa kuhudumu kanisani. Alirudia, na mwaka 1874 akawekewa mikono kuwa shemasi.

Akapelekwa parokia ndogo za vijijini huko Devon, mahali pa upepo na milima na wakulima maskini. Na hapo ndipo Mungu alipomshika. Alikuwa anahubiri watu juu ya wokovu ambao yeye mwenyewe hakuwa nao. Alijua hivyo, na jambo hilo lilimtesa usiku. Rafiki yake mmoja alikuwa akimwombea kwa muda mrefu, akamtumia kitabu kuhusu neema. Mwanzoni Hannington hakukipenda, akakiweka kando. Baadaye akakichukua tena, na alipokuwa akisoma juu ya msamaha wa dhambi, mzigo ukamtoka. Aliokoka akiwa tayari amevaa kanzu ya uhudumu. Ndugu yangu, kuwa na kazi kanisani na kuwa na Yesu moyoni ni mambo mawili, na Hannington alilijua hilo kwa uchungu.

Tangu hapo mtu akabadilika. Alirudi kijijini kwao kuhudumu katika kanisa dogo ambalo baba yake alikuwa amelijenga. Mtoto wa nyumba kubwa akawa mtu wa kuingia nyumba ndogo. Aliwatembelea wagonjwa, akakaa na walevi akiwasihi waache pombe, akawakusanya vijana wa kazi kusoma Biblia. Mwaka 1877 akaoa mke aliyeitwa Blanche, wakapata watoto. Angeweza kuishia hapo, mchungaji wa kijiji anayependwa na watu, na mbinguni angepokelewa vizuri tu.

Habari kutoka ziwa hili letu

Mwaka 1878 habari zilifika Uingereza kwamba wamishonari wawili, Shergold Smith na O'Neill, wameuawa katika kisiwa cha Ukerewe. Ukerewe tunaijua. Iko katika ziwa hili hili ambalo maji yake tunayaona tukisimama Dunga, ila iko upande wa kusini, Tanzania. Habari hiyo ilimchoma Hannington. Watu wengine waliposikia walisema Afrika ni kaburi. Yeye alianza kujiuliza ni nani atakayechukua nafasi ya wale wawili.

Haikuwa rahisi. Alikuwa na mke na watoto wadogo. Alingoja miaka 4 kabla ya kukubaliwa, na Mei 1882 akapanda meli akaenda Zanzibar.

Safari hiyo ya kwanza ilikuwa hasara tupu ukiihesabu kwa hesabu za kibinadamu. Njia ilianzia pwani ya Tanganyika ikapitia Mpwapwa na Unyamwezi hadi kusini mwa ziwa. Homa ilimshika karibu tangu mwanzo. Kisha akaharisha damu, akakonda, kuna wakati wenzake waliona hatamaliza juma. Alifika ziwani, lakini hakuweza kufanya kazi aliyotumwa. Ikabidi arudishwe pwani akiwa amelala kwenye machela, anabebwa mabegani na wapagazi. Juni 1883 alikuwa amerudi Uingereza, mgonjwa, mikono mitupu.

Nataka tusimame hapo kidogo. Tukitoa ushuhuda kanisani tunapenda kuruka sehemu hii. Tunasema nilikuwa hivi, Bwana akanitoa, leo niko hivi. Ule mwaka wa katikati, mwaka wa kubebwa, hatuutaji. Hannington alitoka kwao akiwa mtu wa mbio, mwenye nguvu, aliyezoea kuongoza. Akarudi akiwa amejua maana ya kubebwa na watu ambao hawezi hata kutamka majina yao vizuri. Mpagazi wa siku zile alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, siku baada ya siku, juani, kwa malipo ya nguo na shanga. Na hao ndio waliobeba mwili wake uliokonda wakamfikisha baharini. Nadhani Mungu alimfundisha unyenyekevu kwenye ile machela kuliko darasani Oxford.

Daktari walipomwambia asirudi Afrika, aliendelea kupata nafuu na kuomba. Wakaja kumruhusu. Tarehe 24 Juni 1884 akawekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza wa Afrika ya Mashariki ya Ikweta, eneo lililoanzia Mombasa likafika Uganda. Hata sisi wa upande huu wa ziwa tulikuwa ndani ya mpaka wake, ingawa hakuna aliyetuuliza.

Rabai, na mtu aitwaye William Jones

Januari 1885 Askofu Hannington akatua Mombasa. Hapo pwani alikuta kazi mbili kubwa: Frere Town, makao ya watumwa waliowekwa huru, na Rabai, ambako Krapf alikuwa ameanza tangu 1846.

Na Rabai ndipo anapoingia yule mtu wa pili. William Jones alikuwa Mwafrika. Alipokuwa mtoto alikamatwa akauzwa utumwani. Akaokolewa baharini, akapelekwa India, akalelewa na kusomeshwa na wamishonari huko Bombay. Mwaka 1864 alirudishwa pwani yetu pamoja na wenzake wachache kusaidia kazi ya Injili. Kwa hiyo Hannington alipofika, Jones alikuwa amekwisha kutumika zaidi ya miaka 20. Alikuwa amefundisha, amefasiri, amesimamia kazi, amezika watu. Wazungu walikuja wakapata homa wakaenda. Yeye alibaki. Kwa miaka yote hiyo hakuwa na cheo.

Mei 1885 Hannington alimwekea mikono Jones kuwa shemasi, pamoja na mwenzake Ishmael Semler. Hao ndio Waafrika wa kwanza kuwekewa mikono namna hiyo katika nchi hii ya Kenya. Askofu aliyekuwa amefika juzi tu aliona kile ambacho wengine walikipita kwa miaka 20. Hilo ni tendo jema katika maisha yake, na mimi naliweka juu kabisa.

Safari ya kuja kwetu

Hannington alitaka njia mpya ya kufika Uganda. Ile ya kusini ilikuwa ndefu na ya homa, na karibu imuue. Msafiri Joseph Thomson alikuwa amepita nchi ya Wamaasai akafika ziwani mwaka 1883, akaonyesha kwamba inawezekana. Tarehe 23 Julai 1885 Hannington akaondoka Rabai na wapagazi wapatao 200. Mzungu alikuwa yeye peke yake. Msaidizi wake alikuwa Shemasi Jones.

Walipita nyika ya Taru isiyo na maji, wakapita Taita, Ukambani na mipaka ya Kikuyu, mahali pengine wakishinda njaa kwa sababu wenyeji waliwaogopa na hawakutaka kuwauzia chakula. Wakapita Naivasha, wakashuka Bonde la Ufa, wakaona lile ziwa la maji moto tunaloliita Bogoria, wakapanda tena upande huu. Fedha yao njiani ilikuwa nguo, shanga na waya. Huwa natabasamu nikifikiria hilo: kijana aliyechukia biashara ya nguo ya baba yake anavuka Kenya nzima akihesabu mikono ya nguo ili watu wake wale. Mungu hapotezi kitu. Hata miaka ile uliyodhani imepotea, anaweza kuitoa kabatini siku moja akaitumia.

Mwanzoni mwa Oktoba wakafika Kwa Sundu, mji wa Nabongo wa Wawanga, pale tunapoita Mumias. Kutoka hapa Kisumu kwa matatu ni mwendo usiozidi saa mbili. Wao walikuwa wametembea miezi miwili na nusu kutoka Rabai. Miaka 16 baadaye, Disemba 1901, reli ilifika hapa Kisumu, na safari ile ikawa ya siku chache. Lakini kila aliyekuja kwa reli alikuta njia ambayo ilikwisha kukanyagwa na miguu ya watu hawa.

Pale Mumias askofu alifanya uamuzi. Msafara mzima ulikuwa mkubwa na mzito. Yeye atachukua watu 50, aende upesi Buganda. Jones abaki Mumias na wengine, watu karibu 150, pamoja na mizigo, angoje habari.

Tarehe 12 Oktoba wakaagana.

Hatari asiyoijua

Kulikuwa na jambo ambalo Hannington hakulijua. Buganda kulikuwa na imani ya zamani kwamba watakaoipindua nchi watatokea mashariki, kupitia Busoga. Kabaka Mwanga alikuwa kijana, ametawala mwaka mmoja tu, na alikuwa na hofu. Alisikia Wajerumani wanachukua ardhi pwani. Januari ya mwaka ule ule alikuwa ameagiza vijana watatu Wakristo wauawe. Wamishonari waliokuwa Buganda walijua hatari hiyo, wakaandika kuonya kwamba askofu asitokee upande wa Busoga. Barua haikumfikia kwa wakati.

Hapa ni lazima niseme ukweli kwa upendo. Hannington alikuwa mtu wa haraka tangu utoto, tangu ile baruti. Shida zilimfinyanga sana. Zilimtoa kiburi cha mali, zikamtoa kiburi cha cheo, zikamfundisha kubebwa. Lakini haraka yake ilikuwa bado haijaisha. Angengoja pale Mumias, akatuma watu wachache na barua, pengine habari ingekuwa nyingine. Hatuwezi kujua. Tunachojua ni kwamba alipoondoka, hakuondoka peke yake. Watu 50 waliondoka naye, na ujasiri wa kiongozi hulipiwa pia na wale wanaomfuata.

Tarehe 21 Oktoba walifika kwa chifu Luba wa Busoga. Askofu akakamatwa, akaburutwa, akafungiwa kibandani. Alikaa humo siku 8, ana homa, kibanda kimejaa uchafu, watu wanakuja kumtazama kama mnyama. Alikuwa na Biblia na shajara ndogo ya mfukoni. Alisoma Zaburi na kuandika kila siku, wakati mwingine maneno machache tu kwa sababu ya homa. Shajara hiyo ilipatikana baadaye, na ndiyo maana tunajua alivyopita siku zile. Hakuficha hofu yake wala maumivu. Tunakutana humo na mtu mgonjwa anayeshikilia Neno kama anayezama anavyoshikilia mtumbwi. Yule shujaa asiyetikisika wa kwenye picha hayumo.

Amri ya Mwanga ikafika. Tarehe 29 Oktoba 1885 wakatolewa nje, askofu pamoja na wapagazi wake. Alikuwa na miaka 38. Kati ya wale 50, wanne tu ndio walioponyoka wakarudi Mumias na habari.

Wakumbukeni hao wapagazi pia. Wameandikwa vitabuni kama idadi. Walikuwa watu wa pwani, wana mama zao, wana watoto wanaowangoja. Waliajiriwa kubeba mizigo. Mungu aliyehesabu nywele za vichwa vyetu anajua jina la kila mmoja wao.

Yule aliyengoja

Sasa turudi Mumias. Jones anangoja. Ana watu 150 wa kulisha katika nchi ya wageni, nguo za kununulia chakula zinapungua, na wapagazi wanaanza kunung'unika. Siku zinapita, hakuna barua. Halafu wanatokea wale wachache, wamechoka, wana majeraha, wanasimulia.

Jones angefanya nini? Angeweza kukimbia usiku ule ule, maana hatari ingeweza kuvuka mpaka ikamfuata. Angeweza pia kwenda Busoga kulipiza kisasi au kufa na askofu wake, na watu wangemsifu. Hakufanya la kwanza wala la pili. Alibaki wiki kadhaa zaidi, akitafuta habari, akitazama kama kuna mwingine aliyepona ambaye anatambaa njiani kurudi. Aliposhawishika kwamba hakuna wa kungojewa tena, akaukusanya msafara, akageuza uso kuelekea pwani.

Mwanzoni mwa Februari 1886 watu wa Rabai waliona msafara unapanda kilima. Mbele yake ilikuwa bendera ya buluu, na juu yake wameshona kwa herufi nyeupe neno moja: Ikabodi. Mnakumbuka 1 Samweli 4, yule mama aliyejifungua siku sanduku la agano lilipotekwa, akampa mtoto jina la kusema utukufu umeondoka. Hilo ndilo Jones alilobeba kutoka hapa kwetu hadi baharini. Hakuna mabango ya ushindi. Alirudi kutoa habari mbaya kwa uaminifu, na kuwarudisha kwao watu aliokabidhiwa.

Na hakuishia hapo. Jones aliendelea na uchungaji Rabai. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikimbilia pale kwa mamia, na mtoto huyu aliyewahi kuuzwa alikuwa mmoja wa waliowapokea, hata mabwana wao walipokuja na hasira. Siku ya mwaka mpya 1889, baada ya Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki kuwalipa wenye watumwa fidia, zaidi ya watu elfu moja walipewa hati za uhuru Rabai. Aliyekuwa mali ya mtu akasimama akiona wenzake wanaacha kuwa mali ya mtu.

Mbegu chini ya ardhi

Mifupa ya askofu ililetwa Mumias, ikakaa katika udongo wa huku kwetu. Askofu aliyemfuata, Henry Parker, alikufa kwa homa kusini mwa ziwa mwaka 1888. Wa tatu, Alfred Tucker, ndiye aliyepita Mumias mwaka 1892, akaichukua mifupa ile, na tarehe 31 Disemba ikazikwa Namirembe mbele ya umati mkubwa wa Waganda walioamini. Katikati ya hapo yalikuwa yametokea mengi. Joseph Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki, alimkemea Mwanga kwa kumuua askofu, naye akauawa Novemba 1885. Juni 1886 vijana wengi wakachomwa Namugongo. Kanisa halikufa. Kutoka Uganda Injili ikarudi upande huu, na mwaka 1906 J. J. Willis akaanzisha shule ya misheni Maseno, hapo barabarani tunapopita kila tukienda Busia. Sisi Wapentekoste mlango wetu ni Nyang'ori, lakini ardhi ilikuwa imelimwa tayari na machozi ya wengine.

Yesu alisema katika Yohana 12 juu ya punje ya ngano inayoanguka na kufa. Tukisoma tunafikiria moja kwa moja yule anayekufa mbele ya watu. Punje ya Jones nayo ilianguka, ila polepole, kwa miaka 40 ya kazi isiyo na makofi.

Tunajifunza nini?

Kanisani kwetu tunao akina Hannington na akina Jones. Hannington anaonekana: anashika maikrofoni, anakwenda misheni Usenge na Mbita, tunampigia makofi. Tumwombee, na tumwambie ukweli anapokimbia kuliko kundi lake. Kiongozi wa idara, kabla hujasema Bwana ameniambia tuanze mwezi huu, hesabu watu 50 watakaolipa gharama pamoja nawe. Luka 14 inasema mjenzi huketi kwanza akahesabu. Kuhesabu si kukosa imani.

Jones haonekani. Ni yule mama anayefagia ukumbi Jumamosi jioni. Ni kijana anayelinda vyombo wakati wengine wamekwenda kula. Ni mzee wa ushirika aliyebaki na familia ya marehemu baada ya hema kushushwa na sufuria kurudishwa. Ni mke anayeshikilia nyumba wakati mume yuko safari ya Injili, kama Blanche alivyobaki na watoto Uingereza. Ni wewe uliyeombwa ungoje, na umengoja mpaka umechoka, na hakuna barua. Nakuambia kwa jina la Bwana, kungoja kwako ni kazi. Mbinguni kuna daftari la mishahara, na wewe umo.

Na kwa aliye kwenye machela mwaka huu, biashara imeanguka, mwili umekataa, umerudi kwenu mikono mitupu: usione aibu kubebwa. Waruhusu ndugu wakubebe. Hannington alibebwa kabla hajawekwa kuwa askofu.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni shida gani iliyokutoa kiburi fulani? Na ni tabia gani ambayo Mungu bado hajamaliza kuifinyanga ndani yako?

2. Taja mtu mmoja katika kanisa letu anayetumika bila kuonekana. Juma hili utamshukuru vipi, kwa tendo?

3. Je, kuna mtu anayelipa gharama ya uamuzi ulioufanya peke yako? Nenda ukaongee naye kabla ya Jumapili.

Tuombe

Bwana Yesu, wewe uliyekuwa na utukufu ukajishusha, tufundishe kwenda unapotutuma na kubaki unapotuambia tubaki. Waangalie waliochoka kungoja. Wape viongozi wetu ujasiri ulio na macho. Wabariki waliobeba mizigo ambayo hakuna aliyeiandika. Na punje zetu ndogo, zianguke katika udongo wako hapa Kisumu, zizae. Amina.